“Ja” ya Heshima: Uchambuzi wa Kisa cha Mwanafunzi wa Kijerumani Jijini Kisumu

Mwanafunzi ninayemweleza hapa alifanya mtihani wa Kijerumani wa kiwango cha B1, yaani kiwango cha kati, jijini Nairobi baada ya kusoma miezi kumi na mmoja katika chuo kimoja jijini Kisumu, ambako mimi ni mmoja wa walimu wake. Mtihani huo una moduli nne, yaani kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na kila moduli husahihishwa peke yake kwa alama 100, ambapo anayepata 60 au zaidi huwa ameifaulu. Alipata 83 katika kuandika, 77 katika kusoma na 70 katika kusikiliza. Katika kuzungumza alipata 52. Ninaandika kisa hiki kwa idhini yake, bila kumtaja jina, kwa sababu nimesadiki kwamba zile alama nane zilizompungukia hazikupotea kwa uzembe wala kwa uhaba wa msamiati. Zilipotea mahali ambapo sisi walimu wake tulikuwa tumesimama tukitazama, na hatukuona.

Ana umri wa miaka ishirini na miwili. Amezaliwa na kulelewa karibu na Mumias. Nyumbani kwao huzungumzwa Kiwanga, mojawapo ya lahaja za Kiluhya, sokoni na njiani Kiswahili, na Kiingereza kwake ni lugha ya darasani. Kijerumani ni mojawapo ya lugha za kigeni zinazotahiniwa katika KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya sekondari nchini Kenya, lakini shule aliyosoma haikukifundisha, kwa hiyo alikianza chuoni kutoka herufi ya kwanza. Lengo lake ni mafunzo ya uuguzi nchini Ujerumani, yale yanayoitwa Ausbildung, ambayo huchukua miaka mitatu na ambayo, tangu sheria mpya ya taaluma ya uuguzi ilipoanza kutumika mwaka 2020, yameunganisha utunzaji wa wagonjwa, wa watoto na wa wazee katika njia moja ya masomo. Mama yake huuza nafaka. Ada ya chuo ililipwa kidogo kidogo, na ada ya mtihani ililipwa mara moja, jambo ambalo msomaji alikumbuke kila ninapotaja neno “kurudia”.

Siwezi kueleza hali ya darasa letu bila kutaja tarehe 13 Septemba 2024, siku ambayo Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin makubaliano kuhusu uhamaji wa wafanyakazi, Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz wakiwapo. Habari zilienea kwamba Wakenya wametengewa nafasi za kazi 250,000. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha upesi, ikaeleza kwamba makubaliano hayo hayakutaja idadi yoyote, lakini kanusho halina miguu ya uvumi. Waliokuja kujiandikisha baada ya hapo walikuwa na swali moja midomoni: B1 ni miezi mingapi? Nasi tuliwajibu kwa miezi. Tulipanga masomo kwa kufuata karatasi za mtihani, na yale tuliyoona yanaweza kungoja tukayaacha yangoje hadi B2, kiwango kinachofuata. Mwanafunzi wetu aliingia katika mkondo huo, na ni ndani ya mkondo huo kisa chake kinaeleweka.

Mtihani wenyewe

Mtihani huu wa B1, uliotungwa kwa ushirikiano wa Goethe-Institut, taasisi ya ÖSD ya Austria na Chuo Kikuu cha Freiburg nchini Uswisi, unaweza kufanywa moduli moja moja, na hilo lilimwokoa asirudie mtihani mzima. Moduli ya kuzungumza kwa kawaida hufanywa na watahiniwa wawili kwa pamoja. Hupewa dakika kumi na tano za kujiandaa, kisha huketi mbele ya watahini. Katika sehemu ya kwanza, ya dakika tatu hivi, hupanga jambo pamoja, kwa mfano kumtembelea mwanafunzi mwenzao aliyelazwa hospitalini: waende lini, wafike vipi, wabebe nini. Katika sehemu ya pili kila mmoja huwasilisha mada fupi, akieleza yaliyompata yeye mwenyewe, hali ilivyo nchini mwake, na uzuri na ubaya wa jambo lenyewe. Katika sehemu ya tatu hutoa maoni kuhusu wasilisho la mwenzake, humwuliza swali, halafu hujibu swali aliloulizwa yeye. Kupanga pamoja kuna alama 28, wasilisho 40, mazungumzo baada ya wasilisho 16, na matamshi 16.

Matokeo yalituonyesha jumla ya moduli tu, kwa hiyo ilitubidi tutafute pengo kwa kuondoa yasiyohusika. Matamshi hayakuwa tatizo. Kiwanga kina sauti kh, ile ya neno khotsa, yaani mjomba, na sauti hiyo hiyo ndiyo inayotamkwa katika maneno ya Kijerumani Buch na Nacht. Wenzake wanaozungumza Kijaluo, lugha isiyo na kh wala sh, huitafuta sauti hiyo kwa wiki kadhaa. Yeye alikuja nayo kutoka jikoni kwa mama yake. Aliitumia pia katika ich, ambako Kijerumani sanifu hutaka sauti laini zaidi ya mbele ya kinywa, lakini Waswisi wengi wanaozungumza Kijerumani hutamka kama yeye na wanaeleweka.

Sarufi nayo ilikuwa imara. Nilimwona mapema akielewa der, die na das, vijineno vinavyoonyesha jinsia ya nomino, kwa kuvifananisha na ngeli, na alipokutana na das Mädchen, neno la msichana ambalo halimo katika jinsia ya kike kwa sababu ya kiambishi -chen cha udogo, hakushangaa hata kidogo. “Ni kama kitoto kinalia,” alisema. “Upatanisho unafuata umbo la neno.” Mwanafunzi anayesema hivyo katika wiki ya tano hana upungufu wa akili ya lugha. Wasilisho, kwa upande wake, alikuwa amelifanyia mazoezi hadi likawa safi.

Yakiondolewa hayo, hubaki sehemu ya kwanza na ya tatu, ambazo kwa jumla ni alama 44. Hizo ndizo sehemu ambazo mtu hawezi kuzifanya peke yake. Ni lazima amjibu aliye mbele yake.

Dakika tatu na sekunde kumi

Wiki mbili kabla ya mtihani wa Nairobi tulifanya mtihani wa majaribio chuoni, na nilirekodi kwa simu sehemu ya kwanza ya kila jozi. Mwenzake alikuwa mwanafunzi wa jioni, muuguzi aliyesajiliwa mwenye umri wa miaka arobaini na kitu, mtu mpole ambaye darasa zima humwita Daktari, kama ilivyo desturi yetu kumwita hivyo yeyote anayevaa koti jeupe. Matokeo yalipotoka niliifungua rekodi hiyo tena, nikaisikiliza nikiwa na kalamu.

Katika dakika tatu na sekunde kumi alisema Das ist eine gute Idee, hilo ni wazo zuri, mara sita. Alisema Ja, genau, ndiyo kabisa, mara nne. Pendekezo lake mwenyewe lilikuwa moja, nalo lilikatika njiani. Walipofikia suala la kumpelekea mgonjwa kitu, alianza vizuri, Wir können…, kisha akanyamaza sekunde tisa kwa hesabu ya simu, halafu akasema Blumen, maua. Nilimwuliza baadaye alichotaka kusema. Alitaka kusema uji wa wimbi katika chupa ya chai.

Karatasi yangu ya alama ya siku ile bado ninayo. Nilimpa 23 kati ya 28. Pembeni nimeandika kwa mkono wangu: “Mtulivu, anasikiliza vizuri, ana adabu.”

Nimeikodolea macho karatasi hiyo mara nyingi. Kazi ya sehemu ile ni kupanga, na kupanga maana yake ni kupendekeza, kupinga, kupima na kuafikiana. Msichana aliyekubali kila kitu hakupanga neno. Aliandamana na mpango wa mwenzake. Nami, badala ya kupima kile kilichoandikwa kwenye karatasi ya maelekezo, nilipima kile ambacho mzazi yeyote wa Magharibi mwa Kenya angependa kukiona kwa binti yake mbele ya mtu mzima. Nilimsahihisha kama jirani, sikumsahihisha kama mtahini.

Kuna jambo la pili katika rekodi ile, dogo zaidi kwa sikio na kubwa zaidi kwa athari. Katika dakika ya kwanza muuguzi alimwuliza: Hast du am Samstag keinen Unterricht? Je, Jumamosi huna darasa? Yeye akajibu Ja, naye muuguzi akaendelea kupanga Jumamosi bila wasiwasi. Jumamosi hakuwa na darasa. Kwa Kijerumani, jibu lilipaswa kuwa Nein, hapana.

Kwa anayefikiri kwa Kiswahili hakuna kosa hapo. Mtu akiulizwa, “Hujala?” naye akiwa hajala, hujibu, “Eeh, sijala.” Akiwa amekula, hujibu, “Aa, nimekula.” Kwetu jibu huthibitisha au hukanusha kauli ya aliyeuliza: umesema kweli, au hukusema kweli. Kijerumani hakitazami kauli ya muulizaji. Hutazama tendo lenyewe, kama lipo au halipo. Ambaye hajala hujibu Nein, na aliyekula hulazimika kutumia neno la tatu, doch, ambalo kazi yake hasa ni kupindua ukanushi uliomo ndani ya swali. Ja tupu baada ya swali la aina hiyo humwacha msikilizaji njia panda, asijue kama amekubaliwa dhana yake au ameambiwa kwamba darasa lipo. Hata Kiingereza tunachozungumza Kenya hufuata mkondo wa Kiswahili katika hili, kwa hiyo kupitia Kiingereza hakukumsaidia.

Muuguzi alimwelewa. Mimi pia nilimwelewa, na nilipoisikiliza rekodi mara ya kwanza sikusikia chochote cha ajabu. Tulikuwa watu watatu katika chumba kimoja tukisema maneno ya Kijerumani kwa mantiki ya Kiswahili, na kuelewana kwetu ndiko kulikolificha kosa.

Dhana ya kwanza, na ilivyoanguka

Maelezo ya kwanza yaliyotujia walimu yalikuwa mepesi, nayo nayataja kwa kuwa ndiyo yanayotolewa mara nyingi katika vyumba vya walimu. Tulisema kwamba malezi ya kwetu humfundisha msichana kutompinga mkubwa, kwamba Wajerumani husema wazi wanachofikiri, na kwamba kilichohitajika ni kumtia ujasiri. Yeye mwenyewe alionekana kutuunga mkono. Nairobi alikuwa amepangwa na mama wa makamo, na aliposimulia alisema, “Nilimwona kama senje.” Senje ni shangazi. Kumwuliza shangazi swali baada ya kuwasilisha mada yake, alisema, kulionekana kama kumpima kama anajua alichokisema. Kwa hiyo katika sehemu ya tatu alimshukuru, akamsifu, akanyamaza. Ushahidi ulionekana kutosha.

Kilichoiangusha dhana hiyo ni zoezi tulilolifanya bila kulitarajia makubwa. Nilimweka tena na yule muuguzi, nikawapa karatasi ile ile ya kumtembelea mgonjwa, nikawaambia wapange kwa Kiswahili, kana kwamba mwenzao amelazwa hapa Kisumu. Muuguzi alipendekeza Jumamosi saa nne asubuhi. Jibu lilikuja kabla hajamaliza:

“Ni sawa, Daktari, ila saa nne si ndiyo saa ya raundi? Watatufukuza mlangoni. Ingekuwa vyema kama tungeenda saa saba, wakati wa kuona wagonjwa.”

Katika dakika moja alimpinga mara tatu. Alimpinga kuhusu saa, kuhusu kupanda boda ilhali walikuwa na chakula mkononi, na kuhusu maua, ambayo alisema mgonjwa hawezi kuyala. Kila mara alianza na neno la kukubali, akataja cheo cha mwenzake, akaingiza “ila” au “lakini”, kisha akaleta lake. Muuguzi hakuudhika hata kidogo. Alicheka, akabadilisha saa.

Kwa hiyo heshima haikuwa imemziba mdomo. Heshima ilikuwa inampa njia ya kupingia, na njia hiyo ina vifaa vyake: cheo, neno la kukubali linalotangulia, na kitenzi chenye -nge- kinachoacha mlango wazi. Kwa Kijerumani tulikuwa tumemnyima vifaa vyote vitatu. Mazungumzo yote tuliyomfundisha yalikuwa ya vijana wanaoitana du, wewe ya rika na ya ndugu. Sie, wewe ya heshima, alijua kuiandika katika barua rasmi, lakini hakuwahi kuizoea kinywani. Ile hali ya kitenzi iitwayo Konjunktiv II, yenye wäre, hätte, könnte na würde, ambayo ndiyo adabu yenyewe ya Kijerumani, tulikuwa tumeigusa juu juu tukisema itafundishwa vizuri B2. Nilipomweleza hayo alinijibu kwa swali ambalo naliandika kama alivyolisema: “Sasa Mwalimu, nimwambie mtu wa rika la khotsa du, na juu yake nimpinge?”

Mbele ya chaguo hilo, kukubali kila kitu lilikuwa jambo la busara. Aliyekosea ni aliyempa chaguo hilo pekee. Na ule usemi kwamba Wajerumani ni watu wa kusema bila kuzunguka, ambao tuliurudia darasani kana kwamba ni somo la utamaduni, ulimdhuru, maana ulimfanya aamini kwamba lugha hiyo haina adabu ya kupingia. Inayo, na imo katika vitenzi.

Tulichobadilisha

Tulikuwa na wiki tisa kabla ya nafasi ya kurudia. Badala ya kuongeza msamiati, tulianza na sentensi aliyokuwa ameisema mwenyewe: Ingekuwa vyema kama tungeenda saa saba. Niliiandika ubaoni, na chini yake nikaandika: Es wäre besser, wenn wir um ein Uhr gehen würden. Ingekuwa ikakaa juu ya wäre, kama juu ya wenn, na tungeenda juu ya gehen würden. Mwalimu anayefundisha hali hii kupitia Kiingereza hulazimika kueleza kwa nini upande wa pili wa sentensi unavaa wakati uliopita ilhali jambo lenyewe halijatokea, na hapo wanafunzi wengi hupotea. Kiswahili hakina tabu hiyo. Kinaweka -nge- pande zote mbili, kama Kijerumani kinavyoweka Konjunktiv pande zote mbili. Alichobakiwa nacho cha kujifunza ni mahali pa kitenzi, kwa sababu baada ya wenn Kijerumani hukisukuma hadi mwisho wa kifungu. Hilo lilimchukua siku mbili. Ningependa kwa ich würde gern, na ungeweza kunisaidia kwa könnten Sie mir helfen, havikumchukua hata saa moja.

Kuna wenzangu waliotushangaa kwa kukifundisha Kijerumani kupitia Kiswahili, kana kwamba lugha hizi hazijawahi kuonana. Neno shule tulilipata kwa Wajerumani, na hela pia, kutokana na sarafu ya Heller iliyotolewa mwaka 1904 katika koloni lao la Afrika Mashariki, koloni ambalo mwaka uliofuata liliwaka moto wa Majimaji. Hayo nayo huyasoma wanafunzi wetu, kwa maana utamaduni wa nchi haujifunzwi kwa kuruka yale yanayouma. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alichapisha sarufi ya Kiswahili mjini Tübingen mwaka 1850. Kuanzia mwaka 1887 Berlin ilikuwa na seminari ya lugha za mashariki iliyofundisha Kiswahili, na mwanzoni mwa karne ya ishirini mmoja wa waliokifundisha huko alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo. Hunisikitisha kwamba sarufi ile ya Krapf, iliyoandikwa na Mjerumani na kuchapwa katika nchi ya Wajerumani, iliandikwa kwa Kiingereza, na kwamba zaidi ya miaka 170 baadaye sisi tunarudi kwa njia hiyo hiyo.

Sie tuliipa wiki nzima. Alijifunza kwamba kati ya watu wazima wasiojuana ndiyo ya kuanzia, kwamba aliye mkubwa ndiye kwa kawaida hutoa ruhusa ya kuitana du, na kwamba hakuna atakayemlaumu katika chumba cha mtihani kwa kubaki na Sie hadi mwisho. Hapo niliona mabega yake yakishuka. Da haben Sie recht, aber… ikawa mahali pa “Ni sawa, Daktari, ila…”. Katika sehemu ya tatu tulitafuta swali lisiloonekana kama upimaji, akachagua mwenyewe: Das hat mich sehr interessiert. Könnten Sie vielleicht noch ein Beispiel nennen? Limenivutia sana, labda ungeweza kutupa mfano mmoja zaidi? Alisema hilo angeweza kumwuliza hata senje.

Maswali ya kukanusha yalikuwa magumu kuliko yote, kwa sababu hayahusu kanuni. Kanuni aliielewa siku ya kwanza. Ulimi ndio uliokataa. Tulilazimika kuyafanya kila siku, dakika tano mwanzoni mwa somo, nikimwuliza mambo ya kweli: Hast du kein Heft? Regnet es nicht? Kommt deine Mutter heute nicht? Huna daftari? Mvua hainyeshi? Mama yako haji leo? Kwa wiki tatu alijibu Ja kisha akajishika mdomo. Nami nilijikuta nikikosea pamoja naye, na nililiambia darasa hivyo.

Uji ulihitaji somo lake. Kumtembelea mgonjwa nchini Ujerumani kuna saa zake na desturi zake. Maua ya kukatwa hupelekwa, lakini ya chunguni huepukwa, kwani wapo wanaoona kwamba kumpelekea mgonjwa mmea wenye mizizi ni kama kumtakia naye aote mizizi kitandani. Hayo aliyapenda, akayaandika. Lakini mtihani haumwombi ajifanye amezaliwa Köln. Kilichomkwamisha siku ile ni kudhani kwamba kitu kisicho na jina kwa Kijerumani hakiwezi kusemwa kwa Kijerumani, na Brei, neno alilolikumbuka, lilimwonyesha bakuli la kitu kizito kisichonyweka. Tukakijenga kwa maelezo: ein warmes Getränk aus Hirsemehl, das man bei uns den Kranken bringt, kinywaji cha moto cha unga wa wimbi ambacho kwetu hupelekewa wagonjwa. Kati ya yote aliyokuwa nayo siku ile, uji ulikuwa ndio wazo lake bora kabisa. Aliliacha akachukua maua ya kitabu.

Alirudia moduli ya kuzungumza peke yake, akapata 74. Siwezi kudai kwamba alama 22 zote zilitokana na mabadiliko haya. Alikuwa amezungumza Kijerumani wiki tisa zaidi, na safari hii alikijua chumba na mpangilio. Ninachokijua ni alichonisimulia jioni ile kwa simu akiwa kwenye kituo cha basi: kwamba mwenzake, kijana wa chuo kikuu, alipendekeza waende kwa gari lake, naye akamwambia ingekuwa vyema kama wangepanda basi, kwa kuwa karibu na hospitali maegesho ni shida.

Karatasi yetu ya alama za majaribio tumeibadilisha. Sasa sehemu ya kwanza ina mstari wa kuhesabia mapendekezo ya mtahiniwa mwenyewe na mstari wa kuhesabia mara alizotofautiana na mwenzake, na mwalimu haruhusiwi kutoa alama kabla ya kujaza mistari hiyo miwili. Konjunktiv II imeletwa mbele, inaanza katikati ya A2, kiwango kinachotangulia B1, na inaanza kwa -nge-.

Yule muuguzi alifaulu moduli zote nne mara moja, ya kuzungumza kwa alama 63, na hakuna aliyemwangalia kwa makini, mimi nikiwa wa kwanza, kwa sababu aliyefaulu hafanyiwi uchambuzi. Lakini ni yeye atakayesimama kwenye makabidhiano ya zamu katika wodi ya Kijerumani kabla ya wengine. Alhamisi iliyopita nilimweleza kisa cha kubuni cha mgonjwa ambaye hakuwa amepewa dawa yake ya asubuhi, kisha nikamwuliza kama dada wa zamu: Hat die Patientin die Tablette noch nicht bekommen? Je, mgonjwa bado hajapata kidonge chake?

Akajibu Ja.

Mwanafunzi wetu, ambaye siku hizi huja kwa masomo ya B2 na alikuwa ameketi kando yake, alimwambia taratibu: “Daktari, hapo pengine wataelewa ameshapata, na akose dawa.” Muuguzi akakaa kimya kidogo. Kisha akafungua daftari, akaandika Nein, noch nicht, akaipigia mstari, akaniomba niulize tena.